Je, Wajua? Nani Anakula Waifai Yako Kabla Haijafika Kwenye Laptopu

Ruta ya nyumbani hurusha hewani nguvu ndogo mno, kwa kawaida kama moja ya kumi ya wati. Taa ya LED ya wati 3 unayoiacha ikiwaka barazani usiku kucha inaizidi mara 30. Katika kidogo hicho, kompyuta mpakato iliyoko chumba cha tatu huambulia sehemu moja ya bilioni, na bado ikacheza video bila kukwama. Kwa hiyo waifai zote ni dhaifu. La kujua ni kiasi gani kimepotea njiani na nani amekila, maana mara nyingi mlaji yumo humo humo ndani, na dawa yake haiuzwi dukani.

Upotevu huo huhesabiwa kwa desibeli, na namba zake hutanguliwa na alama ya kutoa. Hasi 50 ni ishara nzuri sana. Hasi 67 inatosha mkutano wa video. Ikishuka hadi hasi 80, hata ukurasa wa gazeti hufunguka kwa kujivuta. Wengi huzisoma vibaya namba hizi kwa kudhani hasi 70 na hasi 40 zimepishana kidogo tu. Kila desibeli 3 zinapopotea, nguvu imebaki nusu. Kila 10, imebaki moja ya kumi. Aliyeko hasi 70 anapokea nguvu ndogo mara 1,000 kuliko aliyeko hasi 40.

Kuzipima hakuhitaji kifaa. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show interfaces, na utaonyeshwa ishara kwa asilimia: 100 ni hasi 50 au bora zaidi, 50 ni hasi 75 hivi. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai, namba yenyewe itajitokeza. Zunguka nayo vyumba vyote ukiandika. Vile vimistari vilivyo pembeni mwa skrini usivitegemee sana. Kila mtengenezaji huamua mwenyewe vijae lini, na wengi wana mkono mwepesi.

Ukuta, wavu na tangi la maji

Mawimbi ya waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Yale ya gigahezi 5 yana sentimita 6. Urefu huo ndio unaoamua ni kitu gani nyumbani kitayapitisha na kipi kitayazuia.

Ukuta wa jipsamu au wa mbao huyapunguza kwa desibeli 3 hivi, yaani nusu. Ukuta wa zege lenye nondo mara nyingi hula desibeli 10 hadi 20. Kuta mbili za namna hiyo na ishara iliyotoka ikiwa nzuri inafika ikiwa hoi. Wanaoishi kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, wana tatizo la aina yake: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene unaofikia nusu mita, na vyumba vyembamba virefu, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, mita 3 kwenda chini. Ukipima kutoka sebuleni hadi chumba cha ndani unaweza kupata hatua chache tu, lakini ndani ya hatua hizo mmepangwa kuta nne. Kwenye nyumba kama hiyo sioni faida ya kununua ruta yenye antena nyingi. Waya mmoja ukipitishwa dirishani utaishinda.

Chuma hakipunguzi, kinarudisha. Bati la ukuta au la dari, mlango wa chuma, kabati la mafaili, friji: mawimbi yakigonga hapo yanageuka. Kioo cha kujitazamia kimepakwa madini mgongoni, kwa hiyo kabati la nguo lenye milango ya vioo ni ukuta wa chuma uliovaa vizuri. Anayesahaulika zaidi ni wavu wa mbu. Wavu wa nailoni hauna neno. Ule wa waya wa chuma una matundu ya milimita chache mbele ya wimbi la sentimita 12, na wimbi haliwezi kupenya tundu dogo kiasi hicho. Ni ujanja ule ule uliomo kwenye mlango wa oveni ya mikrowevu: mwanga unapita ukaona chakula kinazunguka, mawimbi yanabaki ndani. Mwenye kutaka waifai imfikie barazani kupitia dirisha la namna hiyo afungue mlango kwanza, apime, ndipo amlaumu fundi.

Maji nayo yana hamu ya mawimbi haya. Tangi la samaki, pipa lililojaa jikoni, na sisi wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji. Mwaka 2013 Dina Katabi na Fadel Adib wa chuo cha MIT, Marekani, walitumia tabia hiyo kwa njia ya kushangaza: kwa kusoma jinsi mawimbi ya waifai yanavyorudi baada ya kugonga miili, waliweza kutambua watu wanaotembea nyuma ya ukuta bila kuwaona. Nyumbani maana yake ni nyepesi zaidi. Wageni wakijaa sebuleni siku ya mechi, ishara ya chumba cha nyuma itashuka hata kama hakuna hata mmoja aliyepewa nywila.

Ruta hukaa wapi, na kwa nini pale?

Hukaa pale waya wa faiba ulipoingilia, na waya uliingilia pale ambapo fundi hakuhitaji kutoboa sana. Hiyo ndiyo sababu ruta nyingi zimejibanza nyuma ya televisheni, sakafuni, kwenye kona ya nyumba inayopakana na barabara. Televisheni ina bamba kubwa la chuma mgongoni. Sakafu inameza. Kona ya barabarani inagawa nusu ya mawimbi kwa wapita njia.

Ipandishe juu ya kabati au itundike ukutani, katikati ya nyumba kadiri waya utakavyoruhusu, mbali na friji. Ukipunguza umbali kwa nusu mahali pasipo kizuizi, nguvu inayofika inaongezeka mara nne. Hakuna kifurushi cha intaneti kinachouza ongezeko la namna hiyo.

Halafu kuna suala la antena. Je, wajua kwamba ncha ya antena ndiyo mahali pabaya pa kukaa? Antena ya fimbo hairushi mawimbi kuelekea inakoelekeza. Huyasambaza ubavuni pande zote, na umbo lake hewani ni kama kata anayojitwishia mtu ndoo: pana pembeni, tundu katikati, juu na chini. Wanaoielekeza antena chumbani kama bunduki wanalielekeza tundu. Kwa nyumba ya chini, isimamishe wima. Kwa ghorofa, ikiwa kompyuta iko juu ya ruta, ilaze moja na nyingine iache imesimama.

Masafa mawili, jina moja

Ruta nyingi za siku hizi zina redio mbili, ya 2.4 na ya 5, na zote hujitangaza kwa jina moja. Ya 5 ina kasi kubwa na hewa yenye nafasi, lakini kila ukuta unaitoza zaidi. Ya 2.4 inafika mbali na imejaa watu. Kompyuta huamua yenyewe ishike ipi, na uamuzi wake si wa busara kila mara: iking'ang'ania ya 5 iliyofifia wakati ya 2.4 iko imara, utadhani mtandao mzima umekufa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uzipe majina tofauti, uchague mwenyewe kwa kila chumba.

Kuhusu msongamano wa 2.4: karibu kila nchi ina chaneli 13, lakini chaneli moja iko megahezi 5 tu kutoka kwa jirani yake huku kila matangazo yakitaka upana wa megahezi 20. Zinapandana. Zisizogusana kabisa ni tatu: ya 1, ya 6 na ya 11. Kwenye jengo la ghorofa lenye ruta 20 au 30, mtu anayejitafutia upenyo kwa kuchagua chaneli ya 3 amejiletea kelele za pande mbili, na amewapelekea wenzake kelele pia. Bora kugombania ya 1 na wenzako walio kwenye ya 1, kwa sababu ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu.

Zamu hizo zina jambo lake. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kifaa kimoja kilicho mbali, kinachozungumza polepole, kinawashusha wote hadi karibu na mwendo wake. Zamu hutolewa kwa ujumbe, na ujumbe wa mzembe unachukua muda mrefu hewani. Simu kuukuu inayopakua video kule banda la uani inaweza kuwa ndiyo inayoikwamisha laptopu iliyoko mezani, hatua mbili kutoka kwenye ruta.

Mikrowevu iliyowadanganya wanaastronomia

Oveni ya mikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, katikati ya masafa ya waifai. Haikuwa ajali. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliyafungua masafa ambayo tayari yalikuwa yameachiwa mashine za namna hiyo, yatumike na vifaa vya mawasiliano bila leseni. Yalikuwa masafa ya takataka ambayo hakuna kampuni kubwa iliyoyataka, na waifai ilizaliwa humo. (Wapo wanaoamini kwamba gigahezi 2.45 ni masafa ambayo maji huyapenda kuliko yote. Si kweli, maji hunyonya mawimbi ya masafa mengi, na yale ya juu zaidi huyanyonya kwa nguvu kubwa zaidi.) Oveni ya wati 1,000 ikivujisha hata chembe kupitia ukingo wa mlango, chembe hiyo ni kubwa mbele ya ruta. Ukiona video inakatika kila mtu anapopasha chakula, hamia gigahezi 5 na umeachana na shida hiyo.

Darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilisumbuliwa kwa miaka 17, tangu 1998, na milio mifupi isiyoeleweka. Baadhi ya mambo yake yalifanana na milio inayotoka kwenye magalaksi ya mbali. Mwaka 2015 kundi la Emily Petroff lilimkamata mhusika: oveni za mikrowevu za kituoni, pale mtu mwenye njaa alipofungua mlango kabla oveni haijamaliza muda wake.

Kinachonifurahisha kwenye kisa hicho ni mwenye darubini. Parkes inaendeshwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia, na ni shirika hilo hilo lililoitatua kero kubwa kuliko zote za waifai ya ndani. Mawimbi yakiwa chumbani hugonga kuta, dari na samani, kisha hufika kwenye kompyuta yakiwa nakala nyingi zilizochelewa kwa viwango tofauti, kila moja ikiivuruga nyingine. John O'Sullivan, mwanaastronomia wa redio, alikuwa amewahi kutafuta milio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka, ambayo Stephen Hawking alitabiri. Hakuipata. Lakini hesabu alizozizoea za kusafisha mawimbi yaliyovurugika, yeye na wenzake wa CSIRO walizileta kwenye mwangwi wa chumbani, wakaupasua ujumbe vipande vingi vinavyosafiri kwa pamoja kwenye masafa tofauti, polepole kila kimoja. Hataza ya Marekani ilitolewa 1996, na kampuni za teknolojia zililipa zaidi ya dola milioni 400 za Australia baada ya kesi ndefu mahakamani.

Sifa za waifai mitandaoni, hata hivyo, hupewa zaidi mwigizaji wa Hollywood, Hedy Lamarr. Ni kweli kwamba yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Agosti 1942 ya kurukaruka kati ya masafa 88, idadi ya vitufe vya piano, ili adui asiweze kuvuruga mawasiliano ya torpido. Kurukaruka huko kuliingia kwenye kiwango cha kwanza cha waifai cha 1997 kama njia mojawapo, kilipokuwa na kasi ya megabiti 2, kisha kukaachwa. Leo urithi wa namna hiyo utauona kwenye Bluetooth. Kumwita mama wa waifai ni kumpa cheo cha nyumba ya jirani.

Makosa ya laptopu yenyewe

Sasa ruta tuipumzishe. Kwenye laptopu nyingi, antena zimefichwa kwenye fremu ya skrini, upande wa juu, na waya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi ya waifai. Anayefunga kifuniko ili atumie skrini kubwa ya nje amezilaza antena juu ya bamba la kibodi. Na laptopu iliyorudi kwa fundi kubadilishwa skrini, kisha ikaanza kupoteza mtandao chumba cha pili, iulizwe kwanza kuhusu waya hizo: zikisahaulika kubanwa, au ukabanwa mmoja tu, redio inafanya kazi kwa sikio moja.

Mhalifu mwingine ni diski ya nje. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo kwamba vifaa vya USB 3.0, pamoja na kebo zake, hutoa kelele za redio kati ya gigahezi 2.4 na 2.5. Diski imechomekwa, antena iko sentimita chache kutoka hapo, na waifai inaanguka bila sababu inayoonekana. Ichomeke upande wa pili, tumia kebo ndefu zaidi, au hamia 5.

Kuna pia hali ya kubana umeme. Kompyuta ikiwa kwenye betri, baadhi huipunguzia redio nguvu au kuilaza kila baada ya muda. Iwashe kwenye chaja, linganisha namba za desibeli na kasi. Kama kasi imepanda na ishara ni ile ile, badilisha mpangilio huo. Na laptopu ya miaka mingi yenye kadi isiyojua gigahezi 5 inaweza kufufuliwa kwa kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, hasa chenye antena na kebo fupi, ukakining'iniza mahali pazuri.

Karatasi ya foili, kirudishi na waya

Foili nyuma ya ruta: utani au sayansi? Mwaka 2017 Xia Zhou na wenzake wa Dartmouth, Marekani, walichapa maumbo yaliyopinda kwa plastiki, wakayavika foili ya kawaida, wakayaweka nyuma ya antena. Mawimbi yaliongezeka upande waliotaka na kupungua upande wasioutaka, kwa kifaa cha dola 35. Kwa hiyo ikiwa ruta yako iko ukutani mwa mwisho wa nyumba, foili iliyopindwa upande wa barabara inaweza kukusaidia kidogo. Haiongezi nguvu, inaigeuza.

Virudishi vya bei ndogo, vile vya kuchomeka kwenye soketi, vina siri ambayo boksi halisemi kwa herufi kubwa. Chenye redio moja hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila ujumbe unapita hewani mara mbili na kasi inashuka hadi nusu au chini yake. Na watu hukichomeka chumbani palepale ambapo ishara imeshakufa. Kitarudia nini? Mahali pake ni njia ya katikati, ambapo laptopu bado inasoma hasi 60 na kitu.

Waya wa intaneti wa Cat5e, kwa upande wake, hufika mita 100 bila kupoteza kasi. Ukiweka ruta ya pili mwisho wa waya huo, chumba cha nyuma kinapata waifai yake mwenyewe.

Ishara imejaa, intaneti haipo

Tarehe 12 Mei 2024, mamilioni ya watu Tanzania, Kenya na Uganda waliona vimistari vya waifai vimejaa na kurasa hazifunguki. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na Afrika Kusini. Waifai ni kipande cha mwisho tu cha njia, kuanzia kwenye ruta hadi mezani. Kabla ya kuhamisha chochote, unganisha laptopu kwenye ruta kwa waya; kama kasi ndogo ni ile ile, hewa ya nyumba haina hatia.

Kijiji cha Aberhosan, Wales, kiliteseka miezi 18 kwa intaneti iliyokatika kila siku saa moja asubuhi. Mafundi walibadilisha hadi nyaya za simu. Mwisho walizunguka na kipima mawimbi, na mwaka 2020 wakatangaza walichokikuta: televisheni kuukuu ya mkazi mmoja, aliyekuwa akiiwasha kila siku saa hiyo. Mwenyewe aliahidi kutoiwasha tena.

Na je, wajua waifai inaweza kwenda mbali kiasi gani isipokutana na kitu? Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili ya Venezuela iliyoachana kilomita 382, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka, kwa kutumia madishi na redio za waifai, wakapata megabiti 3 hivi kwa sekunde. Shida yao kubwa haikuwa nguvu. Kila ujumbe wa waifai hudai jibu la kupokelewa ndani ya muda mfupi sana uliokadiriwa kwa nyumba na ofisi, ilhali kwa umbali huo jibu lilihitaji zaidi ya sehemu 2 za elfu za sekunde kwenda na kurudi, hata likisafiri kwa kasi ya mwanga. Iliwabidi wabadilishe programu ya redio ili isubiri zaidi.